Naombeni ushauri: nataka desktopu yangu ifunguke ndani ya brauza, Guacamole inaburuta na webtop inakufa

kebo_fupi
Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada maana wiki ya pili hii nazunguka tu. Nina kimashine kidogo kina ramu 8GB, kinaendesha Debian na Docker (ya kuendesha programu ndani ya kontena, yaani kila moja kwenye kijisanduku chake), halafu nina PC ya Windows Pro ambayo ndo ina kazi zangu zote. Ninachotaka ni nikiwa mbali, kwenye kompyuta ambayo siwezi kuweka programu yoyote, nifungue brauza tu niingie niione PC yangu kama nimekaa mbele yake. Pia nataka Firefox nyingine iwe huko huko kwenye seva ya kufungulia viungo vya mashaka, nikimaliza ifutike na takataka zake.

Nimesoma Guacamole, Kasm, noVNC, webtop, naona kama zote zinafanya kitu kile kile. Jana nimeweka Guacamole, imekubali, ila kipanya kinaburuta balaa, nabonyeza mara tatu hakuna kitu halafu yote matatu yanakuja kwa mpigo. Cha ajabu nikiingia kwa IP na poti 8080 nikiwa ndani iko laini kabisa, nikipitia domeini yangu kwenye nginx (seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Guacamole) ndo inakuwa hivyo. Webtop nayo nikifungua ukurasa mzito tabo inakufa. Niongeze ramu au nimechagua vibaya?

mzee_wa_shell
Ramu iache kwanza mkuu. Hapo umechanganya vitu viwili ndo maana vyote unaviona sawa. Guacamole ni mlango, yenyewe haina desktopu, inakupeleka kwenye mashine ambayo tayari ipo na inaongea RDP, VNC au SSH, zile lugha za kuingia mashine kwa mbali (RDP ndo ya Windows). Anayefanya kazi nyuma ni guacd, yuko poti 4822, upande mmoja anaongea RDP na Windows yako, upande wa pili anaipa brauza picha na maelekezo ya kuchora, ndo maana kwa mteja huhitaji kuweka chochote. Kasm na webtop ni kinyume chake, zinakuzalia desktopu mpya ndani ya kontena. noVNC ni mteja wa VNC tu aliyeandikwa kwa JavaScript, na kama seva yako ya VNC haijui websoketi (njia ya brauza kuongea na seva mfululizo bila kukata) inabidi umwekee mkalimani anaitwa websockify katikati, mimi nilianzia huko na sikushauri.
Kwa hiyo PC ya Windows ni Guacamole, Firefox ya kutupa ni kontena. Usilazimishe kimoja kifanye yote.

dada_proksi
Kuburuta naijua hiyo, imenila Jumamosi nzima. Kama kwa 8080 iko laini basi guacd na PC hazina kosa, aliyekosea ni nginx wako, au tuseme wewe 😅. Guacamole inajaribu websoketi kwanza, ikikataliwa haipigi kelele, inarudi kimya kimya kwenye HTTP ya kawaida, na nginx kwa kawaida yake anakusanya majibu kwenye bafa mpaka aridhike ndo ayaachie, ndo hayo mapigo matatu unayaona yanakuja pamoja. Kwenye faili la mipangilio ya nginx, sehemu ya location /guacamole/, hakikisha una hizi:

proxy_pass http://127.0.0.1:8080/guacamole/;
proxy_buffering off;
proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection $http_connection;

Kisha reload, fungua zana za brauza kwenye sehemu ya mtandao uangalie kama kuna kitu kinaitwa websocket-tunnel chenye jibu 101, yaani websoketi imekubaliwa. Ukikiona umemaliza. Ukiona mistari mingi ya tunnel inaongezeka kila sekunde ujue bado uko HTTP.

nguli_mvivu
Mimi nipo kwenye webtop. Docker inaipa kontena 64MB tu za /dev/shm (kipande cha ramu ambacho programu zinagawana) usipoiambia vingine, na brauza za siku hizi zinaitumia sana hiyo sehemu, ikijaa tabo inakufa hata kama ramu ya bure ipo tele. Kwenye faili la compose, lile la mipangilio ya kontena, weka shm_size: "1gb" uzalishe kontena upya, restart peke yake haisaidii.
Ila ukitaka ifutike yenyewe ukimaliza angalia Kasm, kikao kikifutwa kontena linaenda nalo usipoiwekea sehemu ya kutunza data. Toleo la bure linaishia vikao 5 kwa wakati mmoja, wewe mmoja zitakutosha. Inataka poti 443, kwa kuwa nginx wako ameshaikalia iwekee nyingine wakati wa kuisimika, install.sh -L 8443.

simba_wa_poti
Mbona hamjamuuliza paswedi? Bado una guacadmin/guacadmin, yaani jina na paswedi inayokuja na Guacamole?

kebo_fupi
Eeeh 🙈

simba_wa_poti
Nilijua. Tengeneza mtumiaji mwingine mwenye mamlaka, hiyo ifute leo leo. 4822 isitoke nje kabisa, guacd haulizi paswedi, anayemfikia anamtumia. Webtop ndo kabisa, atakayeingia anakuta terminal na sudo (amri ya kupata mamlaka yote) isiyo na paswedi, usiianike. Ningekuwa mimi ningeficha vyote nyuma ya VPN ya WireGuard.

dada_proksi
Ameshasema huko aliko hawezi kuweka programu, WireGuard ataiweka wapi? Kwake ni HTTPS, ile nyongeza ya TOTP ya Guacamole ili kila akiingia aombwe namba sita za kwenye simu, na fail2ban ya kuwafungia wanaokosea paswedi mara nyingi. Webtop au Kasm zibaki ndani, azifikie kupitia brauza ya PC yake akishaingia. Na kama hiyo kompyuta ni ya mwajiri aulize kwanza, wengine hawataki mambo hayo.

kebo_fupi
Wakuu nimerudi. Shida ilikuwa ile mistari miwili ya Upgrade na Connection, niliiweka kwenye location / badala ya /guacamole/ 🤦 sasa naona 101 na kipanya kimenyooka, hata kuandika hakuchelewi. Nilikwama tena kidogo RDP ikagoma, kumbe cheti cha Windows kimejisaini chenyewe, nikatiki pale pa kupuuza cheti kwa kuwa viko mtandao mmoja. guacadmin nimemzika, TOTP ipo. shm nimeweka 1gb tabo hazijafa tena, Kasm nitaijaribu wikendi.
Swali la mwisho, nimebonyeza Ctrl+W nifunge faili huko Windows, ikafungika tabo yote ya brauza na kazi nilikuwa sijahifadhi, imepotea?

mzee_wa_shell
Haijapotea, kikao cha RDP kimebaki wazi kwenye Windows, ingia tena utalikuta faili lako hapo hapo. Hiyo Ctrl+W inaliwa na brauza yako kabla haijafika kwa Guacamole, tumia menyu ya programu, au Ctrl+F4 kama brauza uliyopo haiikwapui nayo.

kebo_fupi
Lipo!! Nimehifadhi kwa kipanya safari hii.