Naomba ushauri: beth din niiite mahakama au baraza?

Wakuu habari za leo. Naandaa kipeperushi cha ukurasa mmoja kueleza beth din, yaani mahakama ya dini ya Wayahudi, hapa London. Nimekwama kwenye neno lenyewe.

Nilipoandika "mahakama", jirani yangu wa Mombasa akauliza, "Kwani wanafunga watu?" Hawafungi. Marabi watatu husikiliza kesi; ya biashara huamuliwa kwa sheria ya usuluhishi ya Uingereza ya mwaka 1996, mradi pande zote zimekubali. Nikajaribu kuilinganisha na Kadhi, nikazidi kuchanganya: Kadhi wa Kenya yumo kwenye Katiba, beth din ya hapa si chombo cha serikali. (Israeli ni tofauti, kule ndoa na talaka za Wayahudi ziko chini ya mahakama za marabi kisheria.)

Talaka ndiyo kasheshe. Mume humkabidhi mke mkononi hati ya mistari 12, iitwayo get, mbele ya mashahidi. Mume akigoma, mke hawezi kuolewa tena kidini hata kama mahakama ya serikali imeshavunja ndoa.

Sasa, "baraza la usuluhishi" linatosha, au linapunguza uzito? Na get niiache hivyohivyo au niandike "hati ya talaka"?