Wataalamu wa tenisi: raketi ya mchezaji wa kulipwa ina tofauti gani na ya dukani? Niko Mwanza, naomba ushauri wa haraka

Mzawa wa Nyegezi (mleta mada)
Habari za saa hizi wakuu. Kuna jamaa hapa mjini anauza raketi ya tenisi, Head Speed. Anasema si ile ya madukani, ni zile ambazo kampuni inawatengenezea wachezaji wa kulipwa peke yao. Ameipata Nairobi kwa mchezaji aliyekuja kwenye mashindano, na anadai ni ileile anayopigia bingwa Djokovic. Bei milioni moja na laki nne. Kuna mtu wa Dar anaisubiri, kwa hiyo nikizubaa imekwenda.

Swali langu ni moja tu: hizi raketi kweli zinatofautiana na za dukani, au ni maneno ya biashara? Nilienda kwake nikaishika, ni nzito na inatulia mkononi. Wenye uzoefu nijibuni, wenye matusi piteni kimya kimya. Usingizi umenikataa.

Kiboko wa Igombe
Milioni na laki nne kwa kitu cha kupigia mpira? Nenda mnadani Magu, hela hiyo unarudi na ng'ombe. Na ng'ombe ukimchoka unamla.

Mzee wa Butimba
Vijana wa siku hizi mnaamini vifaa kuliko mazoezi. Sisi tulicheza na raketi za mbao, mvua ikinyesha unaiweka kwenye fremu yake na kukaza skrubu ili isipinde. Nyuzi zikikatika unaunga fundo na mchezo unaendelea. Kocha wetu alikuwa anatukimbiza kupanda mawe ya Capripoint asubuhi kabla hatujagusa mpira. Nilimfunga mhasibu mmoja wa kiwanda cha nguo aliyekuja na raketi mpya kabisa kutoka Uingereza. Alivyokasirika aliondoka bila kunipa mkono.

Dogo Pasiansi
Mzee swali lilikuwa raketi, siyo mhasibu 😂

Fundi Nyuzi
Nafunga nyuzi kwa riziki, acha nijibu swali.

Tofauti ipo kweli. Mchezaji mkubwa akishazoea fremu moja (mwili wa raketi bila nyuzi) tangu ujana hataki kuiacha, maana mkono wake umejengeka juu ya hiyo. Kampuni nayo kila baada ya miaka michache lazima iuze toleo jipya. Wanachofanya ni kuendelea kumtengenezea kwa kalibu ileile ya zamani, kisha wanaipaka rangi na maandishi ya toleo jipya. Wewe kwenye runinga unaona raketi iliyopo dirishani, kumbe ndani ni kitu kingine. Fremu ya Djokovic inajulikana kwa namba ya PT113B, hizo rangi za Speed ni koti tu. Andy Murray alikuwa na PT57 iliyovalishwa rangi za Radical, aina nyingine ya Head. Pete Sampras ndiyo kabisa, aling'ang'ania Pro Staff ya kampuni ya Wilson yenye kichwa cha inchi 85 za mraba zilizotoka kiwanda cha St. Vincent huko Karibiani, akazipachika vipande vya risasi (ile metali nzito) mpaka zikakaribia gramu 400.

Halafu kuna suala la uzito. Fremu za wachezaji mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa nyepesi makusudi, ili fundi wake aongeze mwenyewe: ukanda wa risasi pembeni mwa kichwa, silikoni ndani ya mpini. Mizani peke yake haitoshi. Raketi mbili zenye gramu sawa, moja imewekewa uzito mpinini na nyingine kichwani, ukizizungusha utadhani zimetoka sayari tofauti. Ndiyo maana begi zima la mchezaji linalinganishwa, akivunja moja anachomoa nyingine na mkono haujui kama kimebadilika kitu. Za dukani, hata mbili za aina moja zinapishana gramu kadhaa.

Sasa hapo usichanganye. Hizi hazitengenezwi ziwe bora kuliko za dukani, zinatengenezwa zimfae mtu mmoja. Nyingi ni ngumu kuzipigia kama huna nguvu na muda wa yule jamaa. Federer mwaka 2014 alipoingia kwenye kichwa cha inchi 97, Wilson waliitoa dukani ikikaribiana sana na yake, gramu 340 kabla ya nyuzi. Mteja wangu mmoja aliinunua kwa mbwembwe. Akaja kuniuliza dawa ya kiwiko.

Unacheza kiwango gani, na una umri gani? Bila hayo nitakuwa napiga ramli.

Mzawa wa Nyegezi
Asante sana Fundi, umenifungua. Kwa hiyo tofauti ipo kweli. Kiwango ni cha kawaida tu, kinakua.

Fundi Nyuzi
Kinakua cha nani? Sijauliza kiwango cha maji ziwani.

Mzawa wa Nyegezi
Ni kwa ajili ya binti yangu. Ana miaka 13. Ila msimchukulie kama watoto wenu, tayari ananipita kimo na ana sevu (pigo la kuanzisha) nzito kuliko wavulana wote wanaocheza naye. Mwezi ujao anakwenda Dar kwenye mashindano ya watoto.

Shangazi wa Igoma
Ehee! Tangu jana watu wanajibu kuhusu wewe kumbe ni mtoto.

Fundi Nyuzi
Mkuu, hapana. Wa umri huo anapigia ya urefu wa inchi 26, au ya inchi 27 iliyo nyepesi, gramu 260 mpaka 280 hivi kabla ya nyuzi. Ukimpa chuma hicho, saa ya kwanza atapiga vizuri kwa sababu ya uzito. Saa ya pili raketi itaanza kufika imechelewa kwenye mpira, atalazimika kukunja kifundo cha mkono ili aiwahi, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Hela iweke kwenye nyuzi. Kuerten alipochukua French Open 1997 watu walishangaa mizunguko ya mipira yake, na sehemu kubwa ilikuwa nyuzi za poliesta za Luxilon, ambazo leo mtu yeyote anaweza kununua. Ila hata hizo usimfungie mtoto, zinapiga mkono. Mfungie za nailoni laini, zisikazwe sana, na mbadilishie mara kwa mara. Hapo utabakiwa na zaidi ya milioni.

Mzawa wa Nyegezi
Nimekuelewa Fundi, lakini mtoto si ataikulia? Viatu vya shule si tunanunua vikubwa? Na muuzaji amesema anaweza kutoa hizo risasi ikawa nyepesi.

Shangazi wa Igoma
Baba fulani, mimi siijui tenisi ila nawajua wanaume. Unavyotetea, umeshalipa. Kiasi gani?

Mzawa wa Nyegezi
Nimetanguliza kidogo tu, kuzuia isiuzwe.

Shangazi wa Igoma
Kidogo ni shilingi ngapi, na mama yake mtoto anajua?

Mzawa wa Nyegezi
Laki tano. Naomba tusiingilie mambo ya nyumbani.

Shangazi wa Igoma
Nyumbani umetuleta mwenyewe. Hela ya nani?

Mzawa wa Nyegezi
Basi, maana hamtaniacha. Mama watoto anafanya dagaa, anachukua kisiwani Goziba na kuuza hapa soko la Mwaloni. Sasa hivi ni mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, hela yake ya mzunguko imekaa tu ndani kwenye boksi na mimi ndiye naitunza. Nimechukua humo. Giza likiingia wavuvi wanarudi majini na yeye ataitaka yote. Lakini angalieni na upande wangu: mtoto akifanya vizuri Dar anaweza kupata ufadhili wa shule, na hela inarudi. Huo si wizi, ni uwekezaji wa familia.

Kiboko wa Igombe
Ulisema usingizi umekukataa. Kumbe unauangalia mwezi.

Bi Mkubwa Ilemela
Mimi niko kwenye dagaa pia. Mtu asichezee mtaji wa giza. Mwaka fulani mume wangu "alikopa" kidogo akanunua redio ya gari, na gari lenyewe hatukuwa nalo. Nilifika kisiwani na nusu ya hela, wenzangu wanajaza magunia, mimi nahesabu sarafu. Redio ninayo mpaka leo, iko juu ya kabati. Mwambie mkeo leo, kabla hajafungua hilo boksi mwenyewe.

Dogo Pasiansi
Bi Mkubwa tuletee uzi wa hiyo redio tafadhali.

Fundi Nyuzi
Turudi kwenye raketi, maana inawezekana unalia kwa kitu ambacho hata siyo. Hesabu nyuzi zilizosimama na zilizolala. Speed Pro, yaani hiyo Speed ya dukani, ni 18 kwa 20. Ya Djokovic ni 18 kwa 19. Kisha ipime uzito.

Mzawa wa Nyegezi
Nimetoka kuipima kwa sonara, mizani ya dhahabu kabisa. Gramu 334 pamoja na nyuzi na ile gripu ya juu. Nimehesabu mara mbili, 18 kwa 20. Nimempigia muuzaji, anasema mchezaji mwenyewe aliomba waongeze uzi mmoja.

Fundi Nyuzi
😂😂 Uzi haupiti pasipo na tundu, na matundu yanatobolewa kiwandani. Hesabu ni hii: fremu ya dukani gramu 310 hivi, nyuzi kama 16, gripu ya juu kama 5. Jumla 331, na hizo tatu zilizobaki kiwanda kinazisamehe. Ya Djokovic inatajwa kuwa zaidi ya 350. Fungua kifuniko cha kitako cha mpini uchungulie. Kama hakuna silikoni, hiyo ni Speed Pro ya kila mtu, tena iliyotumika. Sitoi laki tano kwa hiyo, achilia mbali milioni.

Kiboko wa Igombe
Wakuu, hii chai. Nimerudi kusoma toka juu. Mwanzo alisema "nilienda kwake nikaishika", na ametanguliza hela ili isiuzwe, maana yake iko kwa muuzaji. Leo imefikaje kwa sonara? Halafu angalieni wasifu wake, amejiunga wiki hii na uzi ni huu mmoja. Mimi nasema huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anapima soko.

Mzee wa Butimba
Nami nilishangaa. Mwanza hii watu wa tenisi tunajuana.

Mzawa wa Nyegezi
Ameniachia niijaribu siku mbili kwa sababu nimelipa. Nani aanzishe uzi wa kuponda mali yake mwenyewe? Nimekuja na shida mnanigeuza tapeli. Kuhusu kitako nimefungua: kuna kitu cheupe kigumu humo ndani, kama gundi. Fundi, hiyo si silikoni?

Fundi Nyuzi
Weka picha.

Kiboko wa Igombe
Weka picha. Na ya dagaa pia.

Mzawa wa Nyegezi
Simu yangu kamera imekufa.

Shangazi wa Igoma
Chai au siyo chai, kama yupo mwanamke anayesubiri giza lirudi, hela yake irudishwe. Muuzaji apelekewe raketi yake na namba ya nyuzi, atarudisha hiyo laki tano au mkutane serikali ya mtaa.

Mwana Musoma
Habari wadau, sijasoma comments zote. Nimeona kuna raketi ya Djokovic inauzwa Mwanza. Bado ipo? Nina laki tisa taslimu, naweza kupanda basi kesho.

Mzawa wa Nyegezi
Nakuja pm mkuu.

Kiboko wa Igombe
😂😂😂 Si nilisema?