Mjomba, wamekufa wote?

Kikundi: Ukoo Mmoja 💚
Ijumaa, 21:47

Rehema: Mjomba Idi

Rehema: Mjomba!!

Rehema: Shikamoo kwanza. Sasa nieleze, wamekufa WOTE?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Ahaa, umefika 😂

Rehema: Usicheke. Nimekodolea macho skrini nyeusi nikidhani simu imeganda. Chombo kimelipuka, yakaja maandishi kwamba itaendelea, basi. Itaendelea na nani, wakati hakuna aliyebaki?

Zawadi: DADA

Zawadi: Mimi niko msimu wa pili!!!

Zawadi: Mtama wote huu unaumwaga penye kuku wengi?

Rehema: Jamani samahani. Nilisahau kama na wewe umeanza.

Rehema amefuta ujumbe

Sudi: Dada, uliofuta ni ule wa shikamoo. Ule wa chombo kulipuka bado upo pale pale.

Zawadi: 🤦🏾‍♀️

Mama Rehema: Ni kina nani wamekufa? Nimetoka kuswali nashika simu nakutana na "wamekufa wote". Moyo umenipasuka. Kuna msiba?

Mjomba Idi: Hakuna msiba dada. Ni Red Dwarf, ile komedi ya Waingereza ya chombo cha angani.

Mama Rehema: Ile ya mwanamume mwenye herufi kwenye paji la uso?

Mjomba Idi: Hiyo hiyo. Herufi H, maana yake ni hologramu, yaani mtu wa mwanga tu.

Mama Rehema: Siku nyingine muwe mnaandika "kwenye tamthilia" mwanzoni kabisa. Nilishaanza kutafuta kanga.

Zawadi: Basi semeni tu, nishajua. Ila Rehema una deni langu.

22:03

Mjomba Idi: Rehema, wewe umesubiri dakika tano unalia. Sehemu hiyo, ya mwisho ya msimu wa sita, ilirushwa BBC2 Novemba 1993. Msimu wa saba ukaja Januari 1997. Piga hesabu mwenyewe.

Rehema: Miaka mitatu na kitu??

Mjomba Idi: Na mimi nilikuwa naangalia kwa kanda ya video ya kuazima. Nikafika pale mlipuko, "itaendelea", kanda ikaisha. Nikajua huyu bwana kakata kanda. Nikamrudishia kwa maneno makali kweli. Akaniapia ndivyo inavyoisha. Sikumwamini mpaka nilipopata kanda ya mtu mwingine, nayo ikaishia pale pale.

Sudi: Baba, hiyo hadithi kila mwaka maneno yanazidi kuwa makali.

Mjomba Idi: Wewe nyamaza, hukuwepo.

Rehema: Sasa mimi nina hoja, naomba nisikilizwe. Hii ni komedi. Miaka sita ya vichekesho, sehemu 36, halafu ya mwisho unaniulia watu? Steringi hafi! Kila mtu anajua hivyo. Anapigwa, anafungwa, anaangushwa kwenye maji, lakini hafi.

Sudi: Kwani steringi pale ni nani?

Rehema: Lister, yule binadamu wa mwisho.

Sudi: Mimi nasema ile sehemu steringi ni Rimmer.

Rehema: RIMMER? Yule mwoga?

Sudi: Kwani nani aliyekuwa anakimbia mwishoni na bazuka, wenzake watatu wameshalala chini?

Rehema: …

Rehema: Sawa. Hapo sina jibu.

Zawadi: Rimmer anakimbia KUELEKEA kwenye hatari? Mbona huku niliko anakimbia mambo yote.

Mjomba Idi: Sasa ndiyo mnafika penye utamu. Zawadi, kwa kuwa mtama umeshamwagika, ngoja nikueleze. Wameipata injini ya kusafiri kwenye wakati. Mara kinakuja chombo kingine mfano wa chao, ndani yake ni wao wenyewe, wametoka miaka 15 mbele. Yao imeharibika, wanataka kunakili kipuri kutoka kwenye hii. Kryten, yule roboti wao, peke yake ndiye anayeruhusiwa kuongea nao, wengine wafungiwe wasije wakayajua ya kesho. Anatoka kule anamwangalia Lister kwa huruma kama anayeangalia jeneza.

Rehema: Pale nilicheka sana. Lister anauliza kuna nini, Kryten analia.

Mjomba Idi: Halafu wanawaona kwa kamera. Hao wa kesho wamenenepa, wanaitumia ile injini kuzunguka historia nzima wakila karamu na wakubwa. Mpaka Hitler ni rafiki wa familia! Lister ni ubongo ndani ya chupa. Kryten kavaa wigi.

Zawadi: WIGI 😭😭😭

Rehema: Wigi lile, Zawadi. Roboti, kichwa kama boksi, na wigi juu yake.

Mjomba Idi: Wa leo wanakataa kuwasaidia, wanawafukuza. Wale wakirudi ni kwa risasi. Chombo cha wa leo ni kibovu na wanajua hawana ubavu wa kupigana nao. Wanaangaliana. Na anayesema bora tufe kuliko kuwa wale ni RIMMER. Mtu ambaye tangu 1988 kazi yake ni kujificha nyuma ya wenzake na kuwasingizia. Nilipomwona safari ile ya kwanza, niliinuka kitini.

Mama Rehema: Kwani huyo Rimmer si alikuwa ameshakufa? Mimi nakumbuka alikuwa mzimu.

Sudi: Hologramu, shangazi. Ndiyo, kafa tangu sehemu ya kwanza kabisa.

Mama Rehema: Basi kufa kwake kuna ushujaa gani? Kashazoea.

Mjomba Idi: 😂😂😂 Dada, umenimaliza.

22:21

Rehema: Mjomba, mimi kinachoniuma si kufa. Nimekaa nikafikiria. Ni ule ubongo kwenye chupa. Lister ndiye binadamu wa mwisho, kalala miaka milioni tatu, kaamka hana mtu, ana wenzake watatu wa ajabu ajabu, na miaka yote hiyo moyo wake haujageuka. Mchafu, mvivu, lakini hana ubaya na mtu. Halafu unaoneshwa kwamba miaka 15 tu ya kula bure imemfanya awe yule. Nilitaka kuzima.

Rehema: Na dakika ishirini kabla nilikuwa nimelala chini kwa kicheko, pale walipopita kwenye yale mawingu ya uongo, Lister akaonekana ni roboti, tena wa daraja la chini ya Kryten. Kryten akaanza kumtuma! Wamenipandisha wakanitupa.

Sudi: Nadhani walifanya makusudi. Ukishacheka mpaka umeachia mwili, ngumi inaingia vizuri.

Rehema: Imeingia kweli.

Mjomba Idi: Niwape na la nyuma ya pazia. Hati ya sehemu hiyo ilichelewa mno kuandikwa, waigizaji hawakupata muda wa kukariri. Maneno mengi waliyasoma kwenye skrini wakiwa wanaigiza. Ukirudia kuangalia, tazama macho yao.

Rehema: Acha!

Mjomba Idi: Na mwisho wenyewe haukuwa ule. Walirekodi mwingine, ambamo Rimmer anaipiga ile injini, kila kitu kinarudi sawa, wako hai wanashangilia. Upo kwenye DVD ya msimu wa sita. Wakaja kuugeuza baadaye kwa kukatakata tu picha.

Zawadi: Kwa hiyo WALIKUWA wazima, mtu akakaa kwenye chumba cha kuhariri akaamua wafe?

Mjomba Idi: Ndiyo hivyo.

Zawadi: Huyo mtu alikuwa na siku mbaya.

Rehema: Mimi naanza kumwelewa, ajabu. Wangeshangilia ningesema aa nzuri, ningelala. Sasa hivi saa nne na nusu niko hapa nabishana na ukoo mzima.

Mama Rehema: Bibi katuma sauti. Ya dakika mbili. Jamani nani ana bando, asikilize atuambie.

🎤 Bibi (2:09)

Sudi: Nimesikiliza. Dakika moja ya kwanza ni salamu na anauliza nani kachukua miwani yake.

Sudi: Halafu anasema, nanukuu: "Nimesomewa hapa mnayoyaandika. Sasa huyo mzee akimuua huyo kijana, na kijana ndiye yeye, huyo mzee katokea wapi? Mtu akikata mti ukiwa mche, kivuli anakaa wapi?"

Mjomba Idi: Mama!! 🙌🏾

Rehema: Bibi kaipasua tamthilia nzima kwa sentensi mbili, hajaiona hata picha.

Zawadi: Hapana ngoja, kweli. Wakifa leo, kesho hawapo. Kesho hawapo, nani amewapiga leo?

Sudi: Naweza kueleza.

Mjomba Idi: Usithubutu.

Sudi: Naweza. Chukulia wakati ni mto. Wale wa kesho wako chini kwenye mto, wakapanda juu wakaweka boma. Maji hayashuki. Sasa wao waliokuwa kule chini wanakauka. Wakikauka hawakupanda. Hawakupanda boma halipo. Boma halipo maji yanashuka. Yakishuka wako hai, wanapanda tena wanaweka boma…

Zawadi: Sudi.

Sudi: Ngoja sijamaliza. Kwa hiyo kuna wawili, yaani kuna wao wa kwanza ambao hawajapigwa, na kuna wao ambao wamepigwa lakini na watu ambao

Sudi: ambao

Sudi: Naandika upya.

Rehema: Maji yamekushinda binamu 😂

Mama Rehema: Mimi niliposoma "boma halipo" nimekwenda kuzima jiko.

22:46

Mjomba Idi: Rehema, Bibi kashakupa ufunguo. Mimi miaka mitatu nilizunguka na swali hilo hilo, tulilibishania mpaka watu wakanuniana. Sikuambii wametokaje. Lakini ukifungua msimu wa saba, Lister mwenyewe anakaa mbele ya kamera kueleza. Dakika za mwanzo tu.

Rehema: Nimejiapiza silali usiku nikianza msimu mpya.

Mjomba Idi: Dakika za mwanzo tu.

Zawadi: Nyie ndio mnaoharibu watoto wa watu.

Mjomba Idi: Nikuandae kidogo tu, usije ukanilaumu. Utaona mambo yamebadilika. Walioiandika walikuwa wawili, Rob Grant na Doug Naylor. Baada ya ule mlipuko Grant akaondoka, akabaki Naylor. Na ule umati uliokuwa ukicheka studio haukuwepo tena wakati wa kurekodi, picha nayo imefanywa ifanane na ya sinema. Wapo waliokasirika. Mimi nilinuna kama sehemu tatu, halafu nikazoea. Ila Rimmer…

Rehema: RIMMER NINI

Mjomba Idi: Hamna.

Rehema: Mjomba umeandika "Ila Rimmer" ukaweka vinukta.

Mjomba Idi: Kidole kiliteleza.

Zawadi: Karibu kwenye kundi la waliomwagiwa mtama dada. Viti vipo.

Sudi: Nimepata. Ni kama kioo kinachotazama kioo. Wa kesho wanamwona wa leo, wa leo anamwona wa kesho, ukivunja kimoja

Mama Rehema: Sudi baba, kalale.

Sudi: Ndiyo shangazi.

🎤 Bibi (0:06)

Zawadi: Miwani imeonekana. Ilikuwa kichwani.

22:58

Rehema: Naangalia. Mjomba asiongee mtu.

Rehema: Wako hai!!! Wako hai wote!!!

Zawadi: Mimi nimetoka kundini kwa roho, mwili tu ndio umebaki.

Rehema: Lister kakaa mbele ya kamera, anaeleza. Anasema kwa kuwa wale wa kesho waliwaua wa leo, wa kesho wasingekuwepo kuja kuwaua, kwa hiyo hawakuja, kwa hiyo wa leo wako hai. NI YA BIBI HII! Neno kwa neno karibu!

Mjomba Idi: Endelea.

Rehema: Anaendelea. Sasa mimi nishapotea. Na yeye kapotea, uso umemkaa kama wa Sudi.

Sudi: Mimi bado sijalala, naona.

Rehema: 😭😭😭😭😭😭

Zawadi: Nini?

Rehema: KAMERA IMELIPUKA. Inamsikiliza, inamsikiliza, ikaona bora ijilipue kuliko kuyapokea yale maelezo.

Mjomba Idi: 😂😂😂 Miaka mitatu na miezi miwili nilisubiri jibu hilo.

Rehema: Na ulimlaumu mtu wa kanda.

Mjomba Idi: Na sijamwomba radhi mpaka leo.

Mama Rehema: Kwa hiyo hakuna aliyekufa?

Rehema: Kamera tu, mama.