Mrejesho: diski yenye picha za wateja, kabla ya kuirudisha dukani

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza namna ya kufuta kabisa diski ya terabaiti 1 iliyoanza kufa ikiwa bado na waranti. Ina picha za wateja wa studio yangu hapa Kirumba, Mwanza. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuijaza sifuri yote, yaani kuandika sifuri juu ya kila kilichomo. Niliwasha kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi) ya kwenye flashi, nikahakiki jina la diski mara mbili (ukikosea hapo unafuta nyingine), nikatumia dd, amri ya kuandika data moja kwa moja kwenye diski. Ilikwenda vizuri hadi karibu robo tatu, ikaanza kugonga tk-tk-tk, ikagoma. Nikairuka sehemu mbovu, nikaendelea mbele yake. Nilipokagua, kulikoandikwa ni sifuri tupu. Sekta mbovu (vipande vidogo vya diski vilivyoharibika) hazikufutika, na hilo bado linaniuma, maana ni sura za watu walioniamini. Kuitoboa kwa drili nako kungeua waranti.

Duka limenibadilishia. Hii mpya nimeifunga kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kusimba diski kwa nywila) kabla ya kuweka hata picha moja, kama mkuu mmoja alivyosisitiza. Ikifa, hata sekta zisizofutika hazitasomeka bila nywila.