Udongo wenye tindikali: nimsikilize baba au afisa ugani?

Mkulima wa Mbozi

Ndugu zangu wakulima na wataalamu, poleni na majukumu. Ninalima mahindi ekari tatu hapa Mbozi, mkoani Songwe; moja ni ya familia na mbili ninazikodi kila msimu. Kwa misimu minne mfululizo nimepandia DAP na kukuzia urea, mbolea ambayo tangu ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/2023 ninaipata kwa namba yangu ya usajili, lakini mavuno yanazidi kupungua. Mahindi yakifika magotini, majani hugeuka rangi ya zambarau pembezoni, na nikiyang'oa naona mizizi mifupi na minene. Afisa ugani wa kata aliniambia kwamba udongo una tindikali na kwamba niweke chokaa kabla ya kupanda. Baba amekataa kabisa. Anasema mbolea za dukani ndizo zilizoiharibu ardhi, na kuongeza unga mwingine juu yake ni kuimaliza. Simpuuzi mzee, kwa kuwa amelilima shamba hili tangu kabla sijazaliwa. Naomba kueleweshwa ni nani kati yao aliye sahihi.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, umefanya vema kutompuuza mzee, kwa sababu alichokiona kipo. Urea na DAP zikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali, hasa kwenye nyanda zenye mvua nyingi ambako maji hubeba kalsiamu na magnesiamu hadi chini kusikofikiwa na mizizi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kikifika chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imetulia katika udongo huanza kuyeyuka, ikadumaza mizizi na kuifunga fosforasi ya DAP uliyoinunua kwa jasho lako, kirutubisho ambacho mahindi yakikikosa majani hugeuka zambarau. Kwa hiyo mzee ameuona ugonjwa na afisa ugani ametaja dawa, ila hawajakaa pamoja wakazungumza. Mweleze mzee kwamba chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa, na kwamba kazi yake ni kupunguza tindikali ili mbolea na samadi zipate kufanya kazi.

Hata hivyo usinunue hata mfuko mmoja kabla ya kupima, kwani zambarau ya majani huweza pia kuletwa na baridi mahindi yakiwa machanga. Chimba sehemu kumi hadi kumi na tano kwa kupita shamba kwa mwendo wa nyoka, kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu na mahali palipowahi kurundikwa samadi. Changanya udongo wote katika ndoo safi, kisha peleka nusu kilo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, ambako si mbali nawe. Majibu ndiyo yatakayoonyesha kiasi cha chokaa kwa ekari. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi niliwapa wakulima wa vijiji vyote ushauri ule ule, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, bila kupima hata shamba moja. Waliokataa tuliwaita wabishi, na baadhi yao walikuwa na haki.

Mama wa Njombe

Shikamoo mzee wetu, na ahsante kwa kusema ukweli huo. Naomba niongeze jambo ambalo wataalamu hawalitaji wanapokuja kwenye shamba darasa. Chokaa haimalizi kazi yake kwa msimu mmoja. Faida yake huendelea kwa miaka kadhaa. Mimi niliweka chokaa kwenye shamba la kukodi, nikalipia usafiri na vibarua wa kuichanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya mvua, wakati ambao nyumbani hakuna fedha. Msimu uliofuata mwenye shamba alilichukua akalima mwenyewe, na mahindi yake yalistawi kwa gharama yangu. Tangu hapo nikisikia mkulima akiambiwa kwamba ana mtazamo mbaya juu ya utaalamu, huuliza kwanza kama ardhi ni yake. Ndugu wa Mbozi, anza na ekari ya familia, tena nusu yake tu, ili baba ayaone mahindi ya pande zote mbili kwa macho yake. Zile za kukodi usiziguse mpaka mwandikiane mkataba wa miaka mitatu mbele ya mtendaji wa kijiji.

Mkulima wa Babati

Huku kwetu Manyara inachimbwa fosfati ya Minjingu, mbolea ya mawe ambayo hutoa fosforasi yake vizuri zaidi penye tindikali, na ina kalsiamu. Wengi tuliikataa zamani ilipokuwa unga unaopeperushwa na upepo, tena haikuyafanya mahindi kuwa ya kijani haraka kama DAP. Siku hizi ipo ya chenga. Majibu ya kipimo yakithibitisha tindikali, ijaribu kwenye mistari michache.

Mkulima wa Mbozi

Nawashukuru sana nyote, shikamoo mzee. Nimemsomea baba majibu haya jioni, naye aliposikia kwamba mbolea yenyewe huongeza tindikali alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ndoo ya kuchanganyia udongo iwe ya ukubwa gani. Tutachimba Jumamosi. Mwenye zile ekari mbili anasema mkataba wa miaka mitatu ni mrefu mno, hivyo kwa sasa nitaziacha kama zilivyo.