Komini inataka tuthibitishe kwamba tumekwisha kuishi pamoja

Bénédicte (Liège), Jumatatu usiku

Bwana asifiwe wapendwa, wazee wetu na ndugu wote wa Bukavu.

Niko kwenye orodha hii tangu 2021, nasoma tu. Leo naandika kwa sababu nimetoka komini, ofisi ya mji, na usingizi umekataa kuja.

Mimi na mchumba wangu tuliweka dosie ya ndoa mwezi uliopita. Yeye ni mtoto wa Kadutu kama mimi, alikuja kwa masomo, na karti yake ya ukaazi inakaribia kuisha. Mimi nina uraia. Familia zilikutana Bukavu Desemba 2024, mali, yaani mahari, ikatolewa, picha ninazo, hata mbuzi wanaonekana. Leo tuliitwa odisio, yaani kuhojiwa, kila mtu chumba chake. Mama wa ofisi akauliza mchumba anakaa wapi. Nikasema Louvain-la-Neuve, kwenye chumba cha wanafunzi. Mnajuana tangu lini? Miaka mitatu. Wikendi analala kwako? Hapana. Wewe kwake? Hapana. Likizo? Hapana.

Akaweka kalamu mezani. Hakunikaripia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: miaka mitatu hamjalala nyumba moja hata usiku mmoja, mimi niandike kwamba hii ni ndoa ya kweli? Nikamjibu kwamba sisi ni Wakristo, tuliahidi mbele ya Mungu na mbele ya wazazi kwamba tutangoja. Akasema anaheshimu, lakini hapa hakuna mtu anayefanya hivyo. Kisha akatushauri tuandikishe koabitasio kwanza, yaani kuishi pamoja kisheria bila ndoa, tukae pamoja mwaka mmoja, halafu turudi.

Odisio ya pili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Swali langu ni moja: barua ya pasta inasaidia au inatuharibia? Kuna aliyewahi kuipeleka? Aksanti.


Papa Déo (Namur), Jumanne asubuhi

Binti yangu, pole. Odisio isikuogopeshe, wengi wameipitia pale ambapo mmoja hana karti ya kudumu. Ofisa wa etasivili, yule anayefungisha ndoa, akiwa na shaka anaweza kusogeza ndoa miezi 2, na parke, ofisi ya waendesha mashtaka, inaweza kuongeza mingine 3. Muda huo ukiisha bila uamuzi, ni lazima awafungishe. Akikataa, mnapewa mwezi 1 wa kwenda mahakama ya familia. Na kile kifungu cha 146bis cha sheria ya kiraia hakitaji kitanda popote. Kinaangalia kama nia yenu ni kujenga maisha ya pamoja ya kudumu, au ni karti tu.

Mimi niliulizwa jina la mama mkwe. Nikasema Mama Zawadi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita siku zote. Kwetu nani anamwita mkwe wake kwa jina lake? Wakaandika kwamba simjui mama wa mke wangu. Ilituchukua miezi 4 kulifuta neno hilo.


Mama Nathalie (Bruxelles), Jumanne mchana

Bénédicte mdogo wangu, nimesoma barua yako nikiwa kwenye tramu, nikashuka kituo kisicho changu.

Mwaka wa 2009 mimi nilipewa ushauri huohuo, komini nyingine, ofisa mwingine, maneno yaleyale. Tukauandama. Tulitia sahihi koabitasio tukiambiana kwamba ni karatasi tu, roho zetu Mungu anazijua. Baada ya miezi miwili karatasi ikawa kitanda. Sikuweza tena kusimama kwenye kwaya. Hakuna aliyenifukuza, mimi mwenyewe ndiye niliyeacha, kwa sababu kila tulipoimba nilisikia sauti yangu inasema uongo. Tulikuja kufunga ndoa 2012, mtoto mkononi. Mama yangu, aliyeuza samaki wa sambaza sokoni Nyawera ili nisome, aliomba atumiwe picha ambayo mtoto haonekani.

Mume wangu ni mume mwema, namshukuru Mungu. Lakini ile miaka mitatu ya ukimya kanisani hakuna aliyenirudishia. Wewe usikubali.


Fiston (Charleroi), Jumanne jioni

Naomba tusichanganye mambo, watu wengi wanasoma hapa kisha wanaenda kuharibu dosie zao. Koabitasio si uzinzi. Ni mapatano ya kisheria ya 1998, na hapa Ubelgiji hata kaka na dada yake wanaweza kuyaandikisha. Haijali mnalala wapi ndani ya nyumba.

Pili, hata kwa njia hiyo, akitaka karti kama mwenzi wa koabitasio atadaiwa ushahidi: ama mmekaa pamoja mwaka 1, ama mnajuana miaka 2 na mmekutana mara 3 kwa jumla ya siku 45, ama mna mtoto. Bénédicte na mwenzake wanajuana miaka 3 na wako nchi moja. Siku 45 za kukutana mchana zinaweza kuhesabika! Akusanye tiketi za treni.


Papa Déo (Namur), Jumanne jioni

Fiston, hizo siku 45 ni za karti ya koabitasio. Yeye ameuliza juu ya ndoa. Wewe ndiye unayechanganya.


Mama Nathalie (Bruxelles), Jumanne usiku

Na mimi sikusema kwamba karatasi ni dhambi, kaka Fiston. Nilisema nyumba ilikuwa na chumba kimoja.


Ndugu Elie (Antwerpen), Jumatano

Shalom. Kwa nini wasibarikiwe kanisani kwanza, kimya, mbele ya wazee wawili? Mbele za Mungu watakuwa mke na mume, wataishi pamoja bila dhambi, na komini itapata ushahidi wake.


Papa Déo (Namur), Jumatano

Elie ndugu yangu, ushauri huo utamtia pasta matatani. Katiba ya Ubelgiji, kifungu cha 21: ndoa ya serikali hutangulia baraka ya kanisa. Ufaransa ni vilevile. Tusimtii Mungu kwa kuwaficha watu jambo.


Chantal (Lille), Jumatano

Mimi nina wasiwasi mwingine, na hakuna aliyeugusa. Mali ilitolewa Bukavu. Kode ya familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inadai mali ili ndoa iwe ndoa, na inakubali ndoa iliyofungwa katika familia kisha ikaandikishwa. Bénédicte, komini uliwaambia nini juu ya siku ile? Kama ulisema "tumeoana kwa desturi", na kwenye dosie kuna cheti kwamba wote wawili hamjaoa, watakuuliza lipi ni kweli. Sema ilikuwa siku ya kukutanisha familia na kutoa mali, ndoa bado. Huo si uongo, ndivyo wazazi wako wenyewe wanavyoliona, sivyo?

Na ile hati yake ya kuzaliwa imetiwa sahihi lini? Ikiwa ni baada ya Februari 2025, Kinshasa haitaihalalisha, maana aliyesaini amewekwa na AFC/M23, waasi walioteka mji.


Fiston (Charleroi), Jumatano usiku

Hapo ndipo moyo unapouma. Mtu wa Bukavu ana serikali mbili za kumkataa na hana hata moja ya kumpa karatasi. Goma ilianguka tarehe 27 Januari 2025, Bukavu wiki tatu tu baadaye, na mpaka leo tunaambiwa tungoje mazungumzo. Shangazi yangu wa Bagira alifariki na tulishindwa kupata hata cheti cha kifo ambacho kazini kwangu wangekipokea. Nilinyimwa likizo ya msiba.


Mama Furaha (Bukavu), Alhamisi

Mwanangu Bénédicte, ni mimi Mama Furaha, mama yako wa kwaya ya Kadutu. Minasoma yote munaandika, ata kama koneksio inakatikaka.

Ile cheti ya kijana iliandikwa mbele vita iingie, mimi njo nilienda kuichukua, iko na stampuri ya zamani. Musiogope juu ya ile. Huku benki zilifungwa, ndege ya Kavumu haiko, lakini siku ya Mungu kanisa linajaa mupaka inje. Tunaombaka kwa ajili yenu, majina moja moja.

Sasa mimi niko na neno. Munaandika sawa vile Wazungu peke yao njo banafanya mambo ya kukaa bila ndoa. Musidanganye mutoto. Yaka tofanda iko huku pia, Panzi, Bagira, fasi yote. Kijana hana mali, baba ya binti anaomba ngombe kumi, banaona ni heri kuingia nyumba kimya. Benye bananyamaza ni sisi bazazi. Bénédicte baba yake alipunguza mali ili hawa watoto bangoje vizuri. Watu ba familia walimusema sana. Huyu mutoto anabeba kitu ya bei. Musimuache peke yake kule.


Justin (Lyon), Alhamisi usiku

Watu wa Bukavu mnisamehe, mimi ni wa Goma, nimealikwa tu humu. Mama Furaha amenikumbusha kijana wa kwetu, Floribert Bwana Chui, aliyekuwa akifanya kazi OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka wa 2007 alikataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visipite mpakani. Walimwua akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri kule Roma, na mama yangu, ambaye ni mlokole wa kanisa la Kipentekoste la CEPAC na watakatifu hana habari nao, alilia mbele ya simu.

Kilichomwua ni "hapana" moja aliyoisema ofisini. Bénédicte, wewe hapo Liège hakuna wa kukuua, wala hakuna aliyekuomba hongo. Wamekuomba tu ufanane na wengine. Sijui kwa nini ombi hilo naliona zito zaidi, labda kwa sababu linatolewa kwa upole, kama ulivyosema. Mimi hapa Lyon nimelikubali mara nyingi kazini. Siku ya Mungu nafanya zamu kwa sababu nilichoka kueleza.


Elie (Antwerpen), Ijumaa

Justin, kuhusu zamu za Jumapili unaweza kuomba kwa maandishi, mimi niliomba nikapewa Jumamosi. Nitakutumia barua yangu.


Fiston (Charleroi), Ijumaa

Hiyo ni Ubelgiji, Elie, yeye yuko Ufaransa!


Bénédicte (Liège), Jumapili usiku

Wapendwa, nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama Furaha, nimelia. Chantal, aksanti: pale odisio nilisema "siku ya mali", sikusema ndoa. Nimekusanya tiketi za treni, ziko 61, na picha za ubatizo wa mtoto wa dada yangu ambako tumesimama pamoja na familia zote.

Jana mchumba wangu aliniambia kwamba tukikataliwa atarudi masomoni mwaka mmoja zaidi na atangoja tena. Tumekubaliana kusema lilelile tulilosema.

Lakini swali langu la barua ya pasta bado. Kama kuna aliyewahi kuipeleka komini, aniandikie kabla ya Alhamisi.


Mama Nathalie (Bruxelles), Jumapili usiku

Mdogo wangu, barua sijui, mimi sikuwa na ujasiri wa kuomba yoyote. Alhamisi siendi kazini. Nitakaa nawe pale nje ya mlango mpaka utoke. Niambie saa ngapi, na kama nishukie stesheni ya Guillemins.