MREJESHO: Vipindi vya sanaa vilivyogeuzwa Hisabati

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mwezi uliopita niliomba ushauri: shule ya msingi anayosoma binti yangu huku Temeke, vipindi vya kuchora na ngoma vimegeuzwa Hisabati, mzazi nifanyeje? Wengi mlinisema niache kulalamika kwenye grupu la WhatsApp, nikamwone mwalimu mkuu.

Nilienda, nikapitia kwanza kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Kumbe mwalimu mkuu wala si mbishi, tatizo vifaa. Tangu elimu bila ada ianze 2016, kuomba mchango kwa mzazi ni kujitafutia kesi. Tukakubaliana: pesa hakuna, kila mtu alete alichonacho.

Baba mmoja seremala akaleta vipande vya hadibodi. Mwenye gereji akatoa makopo ya rangi ya mafuta, mengine yameganda juu hadi tukayatoboa kwa bisibisi. Nikawaambia watoto kwamba mchoraji maarufu Edward Saidi Tingatinga naye alianza hivyohivyo, hapahapa Dar mwaka 1968, kwa hadibodi na rangi za baiskeli. Binti yangu kachora twiga, shingo ikagota ukingoni. Akageuza ubao, akamalizia kichwa kwa nyuma!

Sare ina madoa ya kijani yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Mama yake hajanisamehe.

Ngoma bado. Bibi mmoja wa Kizaramo amejitolea kufundisha mdundiko, ila walimu wanataka kwanza wasikie nyimbo zenyewe. Hapo siwalaumu.